Nusu Sentimita ya Msumeno

Binamu yangu anaitwa Randa, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Lilimganda akiwa na miaka minne hivi, kwa sababu kila alipopotea nyumbani alikutwa chini ya benchi la baba yake, amelala juu ya maranda ya mbao, mengine yamemnasa kwenye nywele. Baba yake alikuwa seremala. Kwangu mimi alikuwa mjomba, kaka yake mama. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nasema mapema kwamba katika habari hii mtu mbaya ni mimi, ili mtu asije akanihurumia mwanzoni halafu akaijutia huruma yake.

Randa leo ana miaka hamsini kasoro mmoja. Ni mfupi, mpana wa mabega, na kidole gumba cha kushoto hakina kucha tangu alipojigonga nyundo. Penseli huichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, misumari huibana mdomoni, na ukimuuliza jambo hukujibu kwa upande wa mdomo uliobaki. Karakana yake ni ile ile ya baba yake: kuta za matofali, paa la bati, benchi katikati, na ukutani kila chombo kimechorewa umbo lake ili kisipokuwepo ionekane. Hana kibao cha tangazo. Watu huambiana tu, nenda kwa yule mama seremala, na mtu hufika. Mumewe ni dereva wa lori, nyumbani huja kama mgeni anayependwa. Watoto wao wawili wamekua, wana nyumba zao na meza za mama yao.

Ana tabia moja inayowachosha wateja: hakubali kipimo cha mtu. Ukimwambia ukuta wako una mita mbili na nusu, anaitikia kwa heshima, kisha anachukua futi yake na kuja kupima mwenyewe. Daktari mmoja alikasirika, akasema yeye huwapimia watu dawa kila siku, atashindwaje kupima ukuta. Randa akamwambia, "Sikatai, daktari. Ila mtu ukimzidishia kidogo anavumilia. Kabati halivumilii."

Tumekua pamoja. Mama yangu alikuwa mjane na mimi binti yake wa pekee. Nyumba yetu na ya mjomba zilitenganishwa na kichochoro ambacho mtu mnene alikipita kwa ubavu, na sisi wawili tulikula popote chakula kilipoiva kwanza. Shuleni tulikaa dawati moja. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Yeye mara wa sita, mara wa kumi na moja. Kila mtu alijua kwamba nitafika mbali, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona nimefika.

Kulikuwa na siri aliyoijua Randa peke yake. Mlinganyo ukiandikwa ubaoni, niliumaliza kabla mwalimu hajaiweka chaki chini. Ila fumbo likija kwa maneno, mara mama na mwanawe, mara tangi linalojaa na kuvuja, akili iligoma. Nilisoma sentensi mara tano na kila mara nilitoka nayo mikono mitupu. Randa alikuwa kinyume changu. Yeye maneno aliyaona yakijipanga, na hesabu yenyewe aliifanya baadaye, bila haraka.

Basi jioni, baada ya shule, nilikaa kwenye kizingiti cha karakana, maana vumbi la mbao lilinipigisha chafya, naye ndani akitatua mafumbo yangu juu ya ubao kwa penseli bapa ya baba yake. Nakumbuka moja. Mama ana umri mara tatu ya umri wa mtoto wake. Baada ya miaka kumi na miwili umri wake utakuwa mara mbili ya wa mtoto. Je, mtoto ana miaka mingapi sasa?

"Umri wa mtoto huujui, sivyo?" aliniuliza.

"Ndio ninaoulizwa."

"Basi upe jina kwanza. Uite x. Na wa mama utauitaje?"

"Sijui. y?"

"Mtaani mama watu wanamwitaje? Mama fulani. Jina linatoka kwa mtoto. Mtoto ni x, mama ni mara tatu yake, basi mama ni 3x. Usimtafutie herufi nyingine, utajichosha bure."

Nikaandika 3x + 12 = 2x, nikamwonyesha kwa majivuno. Akacheka mpaka penseli ikamdondoka.

"Miaka haimpiti mama peke yake, Ticha. Mtoto naye anakua. Umemwacha nyuma."

Jina hilo la Ticha alinipa yeye, kwa kunikejeli, miaka mingi kabla sijawa mwalimu. Akaandika 3x + 12 = 2(x + 12), akafungua mabano, akazihamishia x upande mmoja na namba upande wa pili, mtoto akatoka na miaka kumi na miwili. Hakuishia hapo. Alirudi kwenye maneno, akahakikisha: mama thelathini na sita, baadaye arobaini na nane, mtoto ishirini na nne, sawa. Kisha akasukuma randa mara mbili juu ya ubao, hesabu yote ikajikunja na kuanguka sakafuni. Mjomba hakutaka mbao za wateja ziende na maandishi, na binti yake alizoea hivyo: njia inafutwa, jibu linabaki kichwani. Hata shuleni alifanya kazi kwa penseli juu ya dawati, akafuta kwa kiganja, akaandika kwenye karatasi mistari ya mwisho tu.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Mazoea hayo, na mimi.

Mwaka wa mwisho tulifanya mtihani wa majaribio, ambao ndio uliotumika kuamua nani asajiliwe kwa ule mkubwa. Swali la tisa lilisema hivi: ubao wenye urefu wa sentimita 240 umekatwa vipande viwili, kipande kirefu kinazidi kifupi kwa sentimita 30, tafuta urefu wa kila kipande. Mtu yeyote aliyesoma kidogo atalimaliza huku anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimepoteza muda mrefu kwenye swali la sita, msimamizi akatangaza dakika tano, na maneno yakaanza kunichezea. Karatasi ya Randa ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikanakili alichoandika: 2x = 209.5, x = 104.75, kipande kifupi 104.75, kirefu 134.75. Sikujiuliza zile robo zimetoka wapi. Mwizi mjinga hubeba mzigo pamoja na mbwa aliyeulalia.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa haki, kwa kadiri alivyoielewa. Alituita ofisini, akaziweka karatasi zetu mezani ubavu kwa ubavu. Waliopata swali lile darasani wote walikuwa na 105 na 135. Sisi wawili tu, wa dawati moja, tulikuwa na jibu letu la ajabu, kwa mistari ile ile.

"Mia mbili na tisa na nusu," alisema. "Nieleze wewe kwanza. Imetoka wapi?"

"Nimetoa thelathini, mwalimu," Randa akajibu, "halafu nikatoa nusu ya msumeno."

"Nusu ya nini?"

"Msumeno unakula. Ukikata ubao, halafu ukapitisha randa pale ulipokata, nusu sentimita inaondoka. Vipande vikijumlishwa vikawa mia mbili na arobaini kamili, basi huo ubao haujakatwa."

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha pembeni wakacheka, na hawakuwa na ubaya wowote. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Nilikosea kutoa, mwalimu. Nilitoa thelathini na nusu. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Sikupanga kusema hivyo. Uongo ulinitoka ukiwa umeshavaa viatu. Na ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu ulifanana na kosa, na makosa mwalimu aliyaona kila siku. Ukweli wa Randa ulifanana na hadithi. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema basi mmoja ameteleza, na mwingine amenakili mtelezo wa mwenzake kisha akautafutia msumeno.

Randa akaniangalia. Hakukasirika. Alinisubiri tu, kama unavyomsubiri mtu amalize kutafuna ndipo aseme. Nilikuwa na muda wa kutosha. Niliiangalia kalamu nyekundu ya mwalimu, nikahesabu vitabu vilivyokuwa dirishani, vilikuwa saba. Nilimwona anaacha kunisubiri.

Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya watahiniwa, na barua ikawekwa kwenye faili lake. Mjomba aliitwa shuleni. Alikuja na nguo za kazi, akaomba aione karatasi ya binti yake, akaiangalia kwa muda mrefu, akamshukuru mwalimu na kuondoka naye. Kurudia mwaka kuliwezekana, lakini Randa hakurudi. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye benchi. Nilijiambia kwamba mjomba hakuelewa alichokiangalia, kwa sababu kwangu hakubadilika hata kidogo. Nilipochaguliwa kwenda kusomea ualimu alinitengenezea sanduku la nguo lenye kufuli, na akanipa funguo mbili, moja niiweke kwa mama.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha chuoni, kazini, kwenye ndoa na kwenye ukuu wa idara, miaka thelathini na tatu, bila kiatu kutoboka. Mama alifariki akijivunia mimi. Mjomba alifariki akiniita mwalimu wetu. Na katika muda wote huo Randa na mimi tulikuwa ndugu kama ndugu wengine: tulizika pamoja, tuliuguza pamoja, tulicheka. Hakunirushia hata neno moja. Nilipoolewa alinitengenezea kitanda, na ndicho ninacholalia mpaka leo. Hakilii. Kitanda cha mtu mwingine kingelia, angalau ningepata cha kusingizia usingizi unapokataa kuja.

Darasani mimi ndiye mkali kuliko wote kuhusu kunakili. Wanafunzi wananiita Darubini, wanadhani sijui. Nawaambia onyesha njia, onyesha njia, jibu bila njia ni deni, na nikisema hivyo nasikia aibu inanipanda mgongoni. Tena katika mitihani yangu yote hakuna kitu kinachokatwa. Nina matangi, nina mabasi yanayokutana, nina akina mama na wana wao. Ubao hakuna.

Sasa mwaka huu chuo cha ufundi ninachofundisha kikatangaza nafasi ya mkufunzi wa useremala. Hakikutaka vyeti vikubwa. Kilitaka miaka ya kazi, mtihani mfupi wa hesabu, na barua kutoka shule ya mwisho aliyosoma mwombaji. Randa akaja kwangu siku ya Jumapili na bahasha mpya.

"Mgongo umechoka kunyanyua," alisema, "na mdomo haujaanza hata kufanya kazi. Nataka na mimi nishike chaki kabla sijafa."

Alisema kwa utani, lakini bahasha aliishika kwa mikono miwili ili isijikunje. Ndipo nilipojua kwamba jambo hili alikuwa amelitaka siku nyingi, pengine tangu ile Jumatatu.

"Kuna mtihani wa hesabu?" akauliza.

"Upo."

"Nani anatunga?"

"Mimi."

"Haya," akasema, akanywa maji akaondoka.

Nilimwarifu mkuu wa chuo kwamba mmoja wa waombaji ni binamu yangu. Mkuu wetu tunamwita Mhuri, kwa kuwa karatasi isiyo na mhuri kwake haijazaliwa. Aliniambia hakuna tatizo, karatasi zitakuwa na namba tu, na uamuzi ni wake. Basi nikatunga maswali matano. La tano lilikuwa ubao wa sentimita 240, neno kwa neno. Kwenye mwongozo wangu wa kusahihishia niliandika kwamba 105 ni sahihi, na 104.75 ni sahihi zaidi. Niliamini ninalipa. Kwa siku mbili nilijiona mwema, na nilitembea hivyo.

Waombaji walikuwa watatu. Karatasi namba tatu iliandikwa kwa penseli bapa, kwa hiyo namba haikuficha kitu. Alionyesha njia yote, hakufuta hata mstari: kipande kifupi kiwe x, kirefu kiwe x + 30, x + x + 30 = 240, 2x = 210, x = 105. Kifupi 105, kirefu 135. Akahakikisha: jumla 240. Seremala aliyefanya kazi miaka thelathini na tatu amekata ubao na hakuna kilichopotea. Nilimpa alama zote, kisha nikafunga mlango wa idara nikalia.

Siku ya uamuzi tulikaa ofisini kwa Mhuri, yeye na mimi, waombaji wakisubiri nje kwenye korido. Alisoma kazi za Randa akazisifu, akaona alama akazisifu, kisha akafungua barua kutoka shule yetu ya zamani. Karani mwaminifu alikuwa amelitafuta faili mpaka akalipata. Mhuri alisoma, akavua miwani.

"Aliondolewa kwa kunakili mtihani wa hesabu," alisema. "Inasikitisha. Ndugu yako huyu ulisoma naye?"

"Nilisoma naye."

"Ilikuwaje?"

Ilikuwa ofisi nyingine, lakini nilijikuta nahesabu vitabu. "Tulikuwa watoto," nikasema.

"Watoto tulikuwa wote, mwalimu. Mtu atakayewafundisha wenzake kupima sharti awe mtu wa kuaminika." Akaihamishia karatasi namba tatu upande wa kushoto wa meza, zilipokaa za wasiochaguliwa. "Waite baada ya dakika tano, niandike majibu."

Nikatoka. Nasema ukweli: nilitoka. Mara ya pili katika maisha yangu nilipewa nafasi ile ile, na nikaitumia vile vile.

Randa alikuwa amekaa mwisho wa benchi la korido, mkono wake unapapasa ubao chini ya kiti. "Hili limepigwa misumari na mtu mwenye haraka," aliniambia, akanisogezea nafasi. Nikakaa. Wale wengine wawili walikuwa mbali kidogo, wanazungumza mambo yao.

"Mbona hukuweka nusu?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ipi?"

"Ya msumeno. Ningekupa."

Aliniangalia kama anayepima. "Ticha, mimi nimekuja kutafuta kazi. Shuleni msumeno hauli. Nilifundishwa mara moja, nikaelewa." Akatazama mlango wa ofisi. "Ile barua imefika?"

"Imefika."

"Basi," akasema. Akaichukua bahasha yake, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaanza kusimama.

Sijui neno gani lingine lingenirudisha ndani. Angelia, ningembembeleza na kubaki pale pale. Angenitukana, ningefurahi. Lakini alisema basi kama mtu aliyeambiwa leo hakuna umeme, na nikaona kwamba kwake jibu hili lilikuwa limeshaandikwa siku nyingi. Amekuja kulihakikisha tu. Nikamwambia, "Kaa, dada. Usiondoke." Nikarudi ofisini bila kubisha hodi.

Mhuri alikuwa ameshaufungua wino. Nilimwambia mimi ndiye niliyenakili. Nikamweleza dawati, mistari miwili, nusu ya msumeno, nilichosema mimi na alichosema Randa. Mhuri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na dakika kumi zilizopita, nilipokuuliza?"

"Nilinakili tena," nikasema.

Alivuta karatasi nyeupe akanisukumia. "Andika." Nikaandika nusu ukurasa, nikaweka sahihi, akapiga mhuri. Kisha akanyoosha mkono, akataka funguo za kabati la mitihani. Nilizitoa kwenye pete ya funguo zangu mbele yake, na kwa kuwa zilikuwa zimekaa miaka kumi na minne, kucha ilinivunjika. Ukuu wa idara nao uliondoka mwezi huo, kwa barua fupi na ya adabu. Sina manung'uniko.

Randa alipewa kazi. Hakuja kunishukuru, na angekuja ningejificha. Nilingoja wiki mbili, kisha Jumamosi asubuhi nikaenda karakana. Alikuwa anachagua vyombo vya kuhamishia chuoni, ukutani yamebaki maumbo matupu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yote yakanipotea.

"Dada, nilinakili kwako, nikasema uongo, nikanyamaza miaka yote hii," nikasema. "Nakuomba unisamehe. Na mjomba naye ningemwomba, ila alikufa hajui."

Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. "Baba alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Aliiona ile nusu kwenye karatasi. Tulipotoka tu nje ya geti akaniambia, aliyeandika hii amelala kwenye maranda, na binamu yako hata mlango wangu hapiti, anaogopa chafya. Nikamwambia basi baba, turudi tukaseme. Akasimama. Akafikiri. Akasema, 'Shangazi yako ana mtoto mmoja, na hana benchi la kumpa. Wewe benchi unalo.' Tukaenda nyumbani."

Nilikaa kwenye kizingiti, mahali pangu pa zamani. Nililiona akilini lile sanduku la nguo, na funguo mbili. Mjomba alinitengenezea sanduku mikono yake ikijua. Nilitaka kusema kitu, nikapiga chafya, nikapiga nyingine, na Randa akacheka kidogo.

Kisha akachukua ubao uliokuwa umeegemea ukuta, akaulaza kwenye benchi, akanipa futi. "Pima."

Nikapima. "Mia mbili na arobaini."

Akachora mstari, akauweka msumeno, akakata. Akapitisha randa pale alipokata, upande huu mara mbili, upande ule mara mbili, akapuliza vumbi. Alipomaliza akavisukuma vipande viwili mbele yangu.

"Viunganishe. Pima tena."

Nilivishikanisha mpaka mwanga haukupita katikati. Nikapima. Nikarudia, kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji.

"Ngapi?"

"Mia mbili thelathini na tisa na nusu."

"Vimekaa vizuri?"

"Vimekaa vizuri sana."

"Nimekusamehe zamani, Ticha. Nisingekusamehe, kile kitanda kingelia." Akaichukua futi mkononi mwangu, akaikunja. "Ila ukitupima mimi na wewe, usitafute kamili."

Akageuka kuchukua ufagio. Nikamwambia aniachie nifagie mimi, akanipa, akarudi kwenye vyombo vyake. Nilifagia chini ya benchi, na kote nilipofagia nusu ile ilikuwa imeshachanganyika na maranda ya siku nyingine, sikuweza kuitambua.